Seva Inapogoma: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Huduma na Vifurushi vya Linux

Mwalimu mmoja wa fizikia, ambaye shule yake ina chumba cha kompyuta chenye seva moja inayotumia mfumo wa Debian, alinieleza mkasa ufuatao. Ijumaa jioni wanafunzi waliondoka wakiwa wamehifadhi kazi zao za muhula katika tovuti ya ndani ya shule, ambayo hufunguliwa bila kuhitaji intaneti. Usiku ule umeme ulikatika. Jumatatu asubuhi seva iliwashwa, taa zake zikawaka kama kawaida, lakini kila aliyefungua anwani ya tovuti ile alikuta ukurasa mgeni kabisa, wenye maneno ya Kiingereza yanayotangaza kwamba seva inafanya kazi. Kazi za wanafunzi hazikuonekana. Fundi aliyeitwa alitazama kwa dakika chache, akakata shauri kwamba mfumo umeharibiwa na umeme, na kwamba hapana dawa isipokuwa kufuta kila kitu na kuweka Linux upya.

Kwa bahati njema mwalimu aliomba siku moja ya kufikiri. Umeme haukuwa umeharibu kitu chochote. Kazi za wanafunzi zilikuwa salama mahali pake katika diski, na hitilafu yenyewe iliondolewa baadaye kwa amri mbili. Kama shauri la fundi lingefuatwa, tatizo lingekwisha kweli, lakini pamoja nalo zingekwisha kazi za muhula mzima. Katika makala haya nakusudia kueleza namna ya kuuliza na kupima ambayo itamwezesha mwalimu au mwanafunzi wa sekondari kupata chanzo cha hitilafu za jinsi hii kabla hajagusa kitu. Namna hiyo haihitaji shahada ya chuo kikuu. Inahitaji kusoma kwa makini yale ambayo mashine yenyewe imekwisha kuyaandika.

HUDUMA NA KIFURUSHI

Linux kwa maana yake halisi ni kiini tu cha mfumo endeshi, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kiini hicho peke yake hakimfai mtu wa kawaida. Makundi mbalimbali hukikusanya pamoja na maelfu ya programu nyingine, na kila mkusanyo hupewa jina lake. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, ni mmojawapo wa mikusanyo ya zamani ambayo ingali hai, nayo ndiyo tutakayoitumia katika mifano yetu. Anayetumia Ubuntu ataona kwamba karibu yote yanamhusu, kwa kuwa Ubuntu imejengwa juu ya Debian. Anayetumia mifumo ya jamaa ya Red Hat atakuta amri ya vifurushi ni dnf badala ya apt, lakini mantiki ni ile ile.

Huduma ni programu inayofanya kazi bila kuhitaji mtu aliyeketi mbele ya kioo. Hungoja kuombwa jambo, kisha hujibu: nginx na Apache hutoa kurasa za tovuti, MariaDB hutunza hazina ya takwimu, sshd humruhusu msimamizi kuingia kutoka mbali. Huduma zote husimamiwa na programu moja mama iitwayo systemd, ambayo Debian iliifanya kuwa msimamizi wake wa kawaida kuanzia toleo la 8, mwaka 2015. Hapa pana tofauti moja ambayo mwanafunzi hana budi kuishika tangu mwanzo. Huduma kuwa hai sasa ni jambo moja. Huduma kuandikishwa ili ianze yenyewe kila seva inapowashwa ni jambo jingine. Huduma yaweza kuwa hai bila kuandikishwa, na yaweza kuandikishwa bila kuwa hai. Mkasa wa shule ile ulizaliwa ndani ya tofauti hiyo.

Kifurushi nacho ni faili moja lenye programu, orodha ya vifurushi vingine ambavyo programu hiyo inavitegemea, na hati fupi za amri zinazotekelezwa kabla na baada ya kufunguliwa kwake. Kazi hugawanywa kati ya wawili. Programu ya dpkg ni kama mtunza stoo: hufungua mzigo, hupanga vitu mahali pake, na huandika katika daftari ni nini kimeingia na nini kimetoka. Programu ya apt ni kama mtu anayetumwa sokoni: hupiga hesabu ya vinavyohitajika, huvifuata katika maghala ya Debian, kisha humkabidhi mtunza stoo. Lawama za apt na lawama za dpkg ni za aina mbili, na anayezichanganya hupoteza muda mwingi.

Tena huduma na vifurushi hugusana. Baadhi ya vifurushi, vikishafunguliwa, hati zake hujaribu kuianzisha huduma papo hapo. Huduma ikikataa kuanza, hati hurudisha kosa. Hati ikirudisha kosa, dpkg hutangaza kwamba kifurushi hakikupangwa sawasawa. Dpkg ikitangaza hivyo, apt nayo hulalamika. Msimamizi aliye mbele ya kioo husoma lalamiko la mwisho, la apt, akadhani kwamba kifurushi ni kibovu, akakifuta na kukileta tena mara tatu au nne. Kumbe kifurushi ni kizima, na ugonjwa uko ngazi mbili chini yake.

KUIULIZA MASHINE

Swali la kwanza kwa huduma yoyote iliyogoma ni hili:

systemctl status nginx

Jibu lake ni mistari michache. Mmoja wao hueleza kama huduma imeandikishwa, mwingine kama iko hai, imelala, au imeshindwa. Ikiwa imeshindwa, mara nyingi kuna namba ya hali, na namba hizo si mapambo. Namba 203 ina maana kwamba systemd haikuweza kuitekeleza programu yenyewe, labda kwa kuwa faili lake halipo au halina ruhusa ya kutekelezwa. Namba 217 ina maana kwamba mtumiaji ambaye huduma ilitakiwa kuendeshwa kwa jina lake hayupo. Namba 200 ina maana kwamba saraka ya kufanyia kazi haikufunguka. Katika hali hizo tatu programu haikupata hata nafasi ya kuanza, na hapana faida ya kutafuta kosa katika mipangilio yake ya ndani.

Swali la pili huelekezwa kwa shajara ya systemd, ambamo huandikwa kila linalosemwa na huduma:

journalctl -u nginx -b

Herufi b huagiza zionyeshwe habari za tangu seva ilipowashwa mara ya mwisho tu. Anayetaka kujua yaliyotokea kabla ya umeme kukatika ataandika -b -1, maadamu shajara inahifadhiwa katika diski. Nasihi kubwa hapa ni kusoma kutoka juu kwenda chini. Wengi husoma mstari wa mwisho, kwa sababu ndio ulio karibu na macho, na mara nyingi huo ndio usio na habari. Mfano mzuri ni mstari usemao kwamba maombi ya kuanza yamerudiwa upesi mno. Huo si ugonjwa. Systemd, kwa mipangilio yake ya kawaida, huduma ikianzishwa mara tano ndani ya sekunde 10 hukata tamaa na kukataa kuianzisha tena. Chanzo kimeandikwa juu zaidi, katika jaribio la kwanza.

Turudi shuleni. Mwalimu alipouliza habari za nginx alijibiwa kwamba imeshindwa. Katika shajara, mstari wa kwanza wenye lawama ulitaja kosa namba 98 kuhusu mlango 80. Msomaji ajue kwamba kila huduma ya mtandao husikiliza katika mlango wenye namba, na kurasa za tovuti zisizosimbwa husikilizwa kwa kawaida katika mlango 80. Kosa namba 98 katika Linux maana yake ni kwamba anwani inayotakiwa tayari inatumiwa na mwingine. Nginx haikuwa mbovu. Ilibisha hodi nyumbani kwake ikakuta mpangaji mwingine ndani. Je, mpangaji huyo alikuwa nani? Kwa amri hii aliulizwa kiini chenyewe:

ss -ltnp

Jibu lilikuwa Apache. Mwalimu alistaajabu, kwa sababu hakuna mtu shuleni aliyepata kuiweka Apache. Watu wengi wangeishia hapo: wangeizima Apache na kwenda zao. Lakini swali la kisayansi lilikuwa bado halijajibiwa. Kama nginx na Apache haziwezi kukaa pamoja katika mlango mmoja, mbona seva ilifanya kazi vizuri hadi Ijumaa?

Debian huweka daftari la manunuzi yote ya apt katika faili /var/log/apt/history.log, likionyesha tarehe, amri iliyotolewa, na vifurushi vilivyoingia. Kando ya kila kifurushi ambacho hakikuombwa na mtu bali kilifuata kama tegemeo, huandikwa kwamba kimeletwa chenyewe. Mwalimu alilifungua, akakuta kwamba wiki tatu nyuma aliagiza kifurushi cha PHP ili awafundishe wanafunzi wa kidato cha tatu lugha hiyo. Sasa, kifurushi cha PHP katika Debian hutaka kuambatana na njia mojawapo ya kuiunganisha na seva ya tovuti, na asipotaja njia anayoitaka, hupewa ile ya kwanza katika orodha, ambayo ni ya Apache. Basi Apache ilikuja kama mgeni wa mgeni. Siku ile ilijaribu kuanza ikashindwa, kwa kuwa nginx ilikuwa imeketi mlangoni. Ujumbe wa kushindwa huko ulipita kiooni katikati ya mistari mingi, na mwalimu, ambaye aliona PHP yake imefika, hakuutilia maanani. Lakini Apache ilikuwa imekwisha kuandikishwa. Umeme uliporudi, systemd ilizianzisha huduma zote mbili karibu wakati mmoja, na safari hii Apache ikashinda mbio. Ukurasa mgeni waliouona wanafunzi ulikuwa ukurasa wa kawaida wa Apache iliyowekwa tu bila kupangwa.

Amri mbili zilizotosha ni hizi:

systemctl disable --now apache2
systemctl start nginx

Ya kwanza huizima Apache na kuifuta katika orodha ya kuanza. Ya pili huirudisha nginx nyumbani. Tovuti ilifunguka na kazi zote zikaonekana. Niongeze kwamba kwa somo lake mwalimu angetosheka na kifurushi kidogo kiitwacho php-cli, ambacho hakimwiti Apache. Kabla ya kuweka kitu chochote, amri ya apt -s install ikifuatwa na jina la kifurushi huonyesha yote yatakayoletwa bila kuleta hata kimoja. Kuisoma orodha hiyo ni kazi ya dakika mbili.

Tazama pia umbali uliokuwepo kati ya sababu na tokeo: wiki tatu. Umeme ulikuwa tukio la karibu zaidi, na kwa hiyo ndio uliolaumiwa.

DISKI ILIYOJAA

Sitamcheka fundi yule, kwa sababu mimi nimefanya vibaya zaidi. Niliporudi kutoka masomoni nje ya nchi nilikabidhiwa seva ya idara niliyokuwa nikifundisha, ambamo alama za majaribio ya wanafunzi zilihifadhiwa katika hazina ya MariaDB. Asubuhi moja MariaDB ilikataa kuanza. Niliianzisha tena mara kadhaa. Niliiwasha upya seva nzima. Kisha, kwa haraka ya mtu anayengojwa mlangoni na wanafunzi, nikaamua kwamba kifurushi kimeharibika, nikaagiza kiondolewe kabisa pamoja na mipangilio yake. Katika kuondoa, mashine iliniuliza kama hazina zenyewe nazo zifutwe. Nilijibu ndiyo, nikidhani naulizwa habari za programu.

Nilipoiweka MariaDB upya ilianza bila kinyongo, nami nikaamini kwamba utambuzi wangu ulikuwa sahihi. Nakala ya akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Ilitubidi kuwaomba wanafunzi warudishe karatasi zao zilizosahihishwa, na wale ambao walikuwa wamezitupa hawakuwa na la kurudisha. Baada ya majuma machache huduma ikagoma tena, na safari hii nilisoma shajara. Kosa lilikuwa namba 28: nafasi katika diski imekwisha. Faili moja la kumbukumbu la programu nyingine lilikuwa linakua kila siku bila mtu kulikata. Tiba yangu ya kwanza ilionekana kufaulu kwa sababu tu, kwa kuzifuta alama za wanafunzi, nilipunguza mzigo wa diski.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuamini jambo lolote kuhusu huduma iliyogoma, mimi hutoa kwanza amri mbili:

df -h
df -i

Ya kwanza huonyesha nafasi iliyobaki. Ya pili huonyesha idadi ya mafaili ambayo bado yaweza kuandikishwa. Mfumo wa ext4, unaotumiwa na Debian kwa kawaida, hutenga wakati wa kuundwa kwake idadi maalumu ya nafasi za kuandikisha mafaili, takriban moja kwa kila baiti 16,384 za diski. Programu ikitupa mamilioni ya mafaili madogo katika saraka, nafasi hizo zaweza kwisha wakati nusu ya diski bado ni tupu. Kosa litakalotajwa ni lile lile namba 28, na aliyetazama df -h peke yake ataapa kwamba mashine inasema uongo.

Kuna mtego mwingine. Ext4 hutunza akiba ya asilimia 5 ya diski kwa ajili ya mtumiaji mkuu pekee. MariaDB haiendeshwi kwa jina la mtumiaji mkuu. Kwa hiyo yawezekana msimamizi, akiwa mtumiaji mkuu, akajaribu kuandika faili na likaandikika, akahitimisha kwamba diski haijajaa, ilhali huduma haina hata baiti moja ya kuandikia. Na tena: faili likifutwa wakati programu bado imelifungua, jina lake hutoweka lakini nafasi yake hairudi mpaka programu hiyo ilifunge. Amri lsof +L1 hufichua mafaili kama hayo yaliyokufa lakini hayajazikwa.

Nafasi hupatikana kwa upole. Amri apt clean huondoa vifurushi vilivyokwisha kutumika, vinavyolala katika /var/cache/apt/archives. Amri journalctl --vacuum-size=200M hupunguza shajara ya zamani hadi megabaiti 200. Baada ya hapo tafuta kwa amri ya du ni saraka ipi iliyonenepa na kwa nini, maana kusafisha bila kujua kilichojaza ni kuahirisha tu.

VIFURUSHI VILIVYOKATIZWA NJIANI

Umeme ukikatika wakati vifurushi vinawekwa, mtunza stoo huachwa na mizigo iliyofunguliwa nusu. Daftari lake, hata hivyo, huandikwa kwa uangalifu, na huonyesha kila kifurushi kilifikia hatua ipi. Katika orodha ya dpkg -l, herufi ii mwanzoni mwa mstari humaanisha kwamba kifurushi kimekaa sawasawa. iU, kimefunguliwa lakini hakijapangwa. iF, mpango wake umeshindwa katikati. Amri dpkg --audit huvitaja vyenye kasoro. Kisha huagizwa hivi, kwa mpangilio huu:

dpkg --configure -a
apt --fix-broken install

Ya kwanza humwambia mtunza stoo amalizie pale alipoachia. Ya pili humtuma apt kutafuta mategemeo yaliyopungua. Asilimia kubwa ya vioja vya namna hii huishia hapo, na kisipoisha, soma ni hati ya kifurushi kipi iliyorudisha kosa, kisha uliza kama chini yake kuna huduma iliyokataa kuanza. Utajikuta umerudi katika maswali ya mwanzo wa makala haya.

Wakati mwingine apt hukataa kufanya kazi ikisema kwamba kufuli imeshikwa na mchakato fulani, na hutaja namba ya mchakato huo. Kuna ushauri unaozagaa kwamba lifutwe faili la kufuli lililo katika /var/lib/dpkg. Ushauri huo ni mbaya. Faili hilo huwapo siku zote. Kufuli yenyewe hutunzwa na kiini, na hujifungua mara mchakato unapokwisha. Ukilifuta faili wakati mchakato wa kwanza ungali hai, utawaruhusu watunza stoo wawili kuandika katika daftari moja kwa wakati mmoja. Tazama kwanza namba uliyotajiwa ni ya nani. Mara nyingi ni programu ya masasisho ya usalama inayojiendesha yenyewe, nayo huhitaji kungojwa dakika kadhaa tu.

Hitilafu inayowashangaza wengi ni ile ya saa. Katika ubao mkuu wa kompyuta kuna betri ndogo ya duara inayoitunza saa wakati hakuna umeme. Betri ikifa, seva inapowashwa yaweza kuamini kwamba tuko miaka mingi nyuma. Maghala ya Debian hutia sahihi orodha zao pamoja na tarehe, na apt ikiona kwamba orodha imetiwa sahihi katika siku ambayo kwake bado haijafika, huikataa. Vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Msimamizi hulaumu mtandao, hulaumu ghala, hulaumu kampuni ya simu. Amri ya timedatectl ingemwonyesha kosa kwa mara moja. Hata hivyo si kila cheti kinachokataliwa ni kosa la saa: tarehe 30 Septemba 2021 cheti mzizi cha zamani ambacho vyeti vya Let's Encrypt vilikitegemea kilifikia mwisho wake, na mashine nyingi zenye programu za kale ziliacha kuziamini tovuti nzima, ingawa saa zake zilikuwa sahihi.

Ukale wenyewe ni chanzo kingine. Toleo la Debian likipitwa na wakati, mafaili yake huhamishwa kutoka maghala ya kawaida na kupelekwa katika hifadhi ya archive.debian.org, na apt itajibiwa kwamba kitu hakipo. CentOS 8 iliacha kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2021, na CentOS 7 tarehe 30 Juni 2024. Mwenye seva kama hizo aweza kuielekeza mashine kwenye hifadhi ili apate kifurushi alichokikosa, lakini masasisho ya usalama hatayapata tena. Ahesabu siku za kuhamia toleo jipya. Na asidhani kwamba anaweza kuhama kidogo kidogo kwa kuchukua kifurushi kimoja cha toleo la 13, lililotoka mwaka 2025, na kukitia katika toleo la 12 la mwaka 2023. Kifurushi hicho kitadai maktaba mpya za msingi, nazo zitagombana na za zamani, mpaka apt itakaposema kwamba mategemeo hayawezi kutimizwa. Anayekuta hali hiyo imekwisha kutokea aandike apt policy na jina la kifurushi; ataonyeshwa kila toleo linatoka ghala lipi.

DAWA ZINAZOUA

Nitaitaja moja tu, kwa sababu huwa naiona kila mwaka. Huduma ikinyimwa ruhusa ya kusoma faili, mtu huagiza kwamba mafaili yote ya mfumo yaruhusiwe kwa watu wote, kwa amri ya chmod -R 777 kuanzia kwenye mzizi. Matokeo yake ni kwamba programu ya sudo, ambayo hudai alama maalumu ya umiliki juu ya faili lake, huipoteza alama hiyo na kukataa kazi. Na sshd hukataa funguo zilizo wazi kwa kila mtu, hivyo mlango wa kuingilia kutoka mbali hufungwa. Hapa ndipo kuweka mfumo upya huwa kweli ndiyo njia fupi. Namei -l ikifuatwa na njia ya faili ingalimwonyesha, saraka baada ya saraka, mahali hasa ruhusa ilipokosekana, na pengine ilikuwa ni saraka moja tu.

Katika jambo la kuianzisha upya huduma baada ya kubadili mipangilio, huduma nyingi hukubali kujisahihisha kabla: nginx -t, apachectl configtest, sshd -t. Huyo wa mwisho hasa asisahauliwe na mtu anayeitengeneza seva iliyo mji mwingine.

KAZI YA DARASANI

Mwalimu atafute kompyuta kuukuu moja isiyo na kitu cha thamani, au aunde kompyuta ya kubuni ndani ya nyingine, aweke Debian, kisha aiharibu makusudi bila wanafunzi kuona. Aweke nginx, kisha Apache, aiwashe upya mashine mpaka isiyotakiwa itangulie. Siku nyingine aunde diski ndogo ya megabaiti 50 ndani ya faili, aifunge mahali ambapo huduma huandika, na aijaze. Wanafunzi waelezwe dalili tu. Kabla ya kila amri waandike katika daftari wanatarajia kujibiwa nini, na baada yake waandike walichojibiwa. Asiruhusiwe mtu kubadili chochote mpaka aweze kulitaja kosa kwa namba yake na mahali lilipoandikwa. Kundi likibadili mambo mawili kwa wakati mmoja na mashine ikapona, jibu lao lihesabiwe kuwa halijakamilika, kwa kuwa hawawezi kusema ni lipi kati ya mawili hayo lililoponya.

Kwa kuanzia, darasa lijaribu swali hili bila kuigusa kompyuta. Seva ya shule ilizimwa likizo nzima. Imewashwa leo. Apt inakataa orodha za maghala yote, tovuti zote za nje zinalalamikiwa vyeti, lakini tovuti ya ndani ya shule inafunguka vizuri, na faili lililohifadhiwa asubuhi hii linaonekana kuwa la zamani kuliko yale ya muhula uliopita. Je, utatoa amri gani kwanza, na utabeba kifaa gani kutoka dukani?